Marehemu Anajibu Maoni

Naandika haya nikiwa na akili timamu, ili watu wa ukoo wetu waache kunitazama vile wanavyonitazama. Baba yangu alipotangazwa kuwa amekufa, Agosti ya mwaka 2013, mimi sikuhusika. Najua maneno hayo yanatoka kwa msichana ambaye likizo moja aliwapigia simu jamaa zake wote kuwaarifu kwamba ameongoza darasa, wakachinja mbuzi, kisha ripoti ya shule ikafika. Lakini safari hii, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

Baba yangu ni Benard Opondo, daktari wa mifugo wa serikali mjini Lodwar. Amekaa Turkana tangu kabla sijazaliwa, akiwadunga sindano mbuzi ambao hawajawahi kumshukuru. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na aliyenilea ni nyanya yangu, mamake Baba, kule kwetu Siaya. Sisi humwita Dani. Mimi nilipewa jina lake, Awuor, na ndiyo sababu Baba akifurahi huniita "mama". Akikasirika huniita majina yangu yote, pamoja na namba ya shule.

Fesibuku alikuwa akiichukia. Alisema ni baraza lisilo na mwenyekiti. Lakini mwaka ule kaunti ilikuwa mpya, ina viti vipya na wakubwa wapya, na mmoja wa wakubwa hao akaamua kwamba matangazo yote ya idara yatawekwa Fesibuku. Asiyeyasoma asije akalalamika. Kwa hiyo jioni moja, nikiwa kwake Lodwar likizo, Baba alinisukumia kompyuta yake kama mgonjwa anayemnyooshea daktari kidole kilichotunga usaha.

"Nifungulie," akasema. "Lakini usinichagulie kitu chochote. Nakujua."

Nikamfungulia. Mengine yote alichagua mwenyewe. Narudia, mwenyewe. Alichagua ile picha ya studio, nyeusi na nyeupe, amevaa suti na anatazama mbali kidogo kana kwamba kuna mtu amemwita. Kwa picha pana inayokaa juu alichagua maua meupe, kwa sababu, alisema, mtu mzima hawezi kukaa mbele ya ukuta mtupu. Kisha akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja:

"BENARD OPONDO. Alizaliwa 1957. Mtumishi mwaminifu wa umma, mpole kwa watu na kwa wanyama. Mwana mpendwa wa Bi. Awuor wa Siaya. Baba wa binti mmoja. Daima tutashukuru kwa utumishi wake."

"Baba," nikasema, "mbona unajiandika kama mtu mwingine?"

"Wasifu huandikwa hivyo. Mtu mwenye adabu hajisifu kwa kinywa chake."

"Na hiyo 'tutashukuru', ni nani na nani?"

"Idara," akasema, akabonyeza.

Sikucheka, wala sikumwambia ukurasa ule ulifanana na nini. Nilikunja mikono kama niko mbele ya mwalimu mkuu. Nilidhani watu wangemtania siku mbili tatu, basi, yaishe.

Maombi ya urafiki yakaanza kuingia palepale, na Baba akashtuka. Aliyachukua kama maombi ya kazi. "Huyu anataka kuwa rafiki yangu kwa sifa zipi? Ametaja wadhamini?" Aliwakubali wachache ambao aliwahi kufanya nao kazi, wengine akawaweka kando hadi watakapochunguzwa. Lilipofika ombi la mdogo wake, Omollo, alilitazama muda mrefu, akavua miwani.

"Huyu asubiri."

Hapo lazima nieleze jambo la nyumbani. Kwetu, ndugu mdogo hawezi kutoka katika boma la baba yake na kuanzisha lake kabla kaka yake hajafanya hivyo. Baba ndiye mkubwa, na hajawahi kujenga. Kila mwaka husema mwaka ujao. Kwa hiyo Omollo, mtu mwenye mvi, mwenye duka la saruji na misumari, bado alikuwa akiishi katika kibanda chake cha ujana karibu na lango, akimsubiri bwana mmoja aliye Lodwar na mbuzi wake. Wakati fulani walitoka wawili tu kwenda kutazama mahali pa kujenga. Walirudi wakiwa hawasemezani, na hawajasemezana tangu siku hiyo. Walichoambiana kule hakuna aliyekijua. Mimi nilijaribu kuchunguza kwa mbinu zangu zote nikashindwa, na ninyi mnajua mbinu zangu.

Asubuhi yake tukaondoka kwenda Kakuma. Baba alikuwa amebeba kasha la chanjo, limejaa barafu, kwa ajili ya mbuzi wa kijiji cha Lopur. Mimi nilibebwa ili nisibaki Lodwar na kompyuta. Dereva wetu alikuwa Ekuru, Mturkana mrefu asiyependa maneno mengi, ambaye huendesha gari huku akitazama milima kana kwamba inaweza kusogea. Njia nzima simu hazikushika mtandao. Tulipofika Kakuma bado hazikushika.

"Mnara umelala tangu jana," Ekuru akasema. "Wakija wataamsha."

"Kina nani?"

"Wenyewe."

Baba alitaka asome matangazo ya idara kabla ya kwenda Lopur, kwa hiyo tukaingia kambi ya wakimbizi hadi kwa Nyandeng. Huyu ni mama wa Kidinka kutoka Sudan Kusini, mwenye duka la mabati lenye kompyuta chache, jenereta, chai ya maziwa, na sahani kubwa ya setilaiti juu ya paa. Mnara ukilala, Kakuma nzima huja kwake. Baba aliwahi kumtibia mbuzi, na tangu siku hiyo hajawahi kulipishwa chai.

Ekuru alitangulia mlangoni, akasalimu kwa Kiturkana. "Ejok, Nyandeng."

"Ejok-noi," akajibu kwa sauti ya chini, ya msiba. Alikuwa ameshika birika. Kisha Baba akainama kupita chini ya kizingiti, na birika likaanguka. Chai ilitapakaa mpaka kwenye viatu vyangu.

"Ya Rabbi! Daktari! Wewe umekufa!"

"Nani amesema?"

"Wewe mwenyewe! Umeandika!"

Nilichungulia nyuma yake. Kwenye kompyuta ya katikati picha ya Baba ilijaa kioo kizima, suti, maua meupe na yote, na mbele ya kibodi ulikuwa unawaka mshumaa. Vijana waliokuja kutazama mpira walikuwa wameamriwa wavue kofia. Walipomwona marehemu ameingia, wawili walitorokea dirishani, na dirisha la Nyandeng ni dogo.

"Hii watu wote wanalia," Nyandeng akasema, huku akimshika Baba mkono, shavu, tena mkono. "Mimi nimesema wateja hakuna mziki leo. Nimewasha mshumaa yako. Wewe ni mtu kweli?"

"Mimi ni mtu," Baba akasema, lakini bila uhakika aliokuwa nao jana. Akakaa chini. Nikamshushia ukurasa polepole.

Maoni yalikuwa hayana mwisho. Watu aliowaweka kando bila kuwachunguza walikuwa wamekuja kumlilia. Bosi wake aliyemnyima likizo aliandika kwamba idara imepoteza nguzo. Mwanamke mmoja wa Lokori alisema Opondo aliwahi kumsaidia ngamia kuzaa, na kwamba ngamia yule yuko hai hadi leo tofauti na yeye. Kisha mtu akauliza alikufaje. Mwingine akajibu kwamba aliondoka Lodwar asubuhi na simu yake haipatikani. Wa tatu akasema anaogopa majambazi wa njiani. Wa nne akasema ni majambazi. Wa tano aliwahesabu.

"Lakini nilikuwa kwenye gari," Baba akanong'ona. "Nilikuwa nakula ndizi."

Mpaka hapo, nakiri, nilikuwa nauma shavu kwa ndani nisicheke. Kisha nikafika kwenye maoni ya mchungaji wa kwetu Siaya, na shavu likaachia lenyewe.

"Ndugu," alikuwa ameandika, "mama mzazi wa marehemu bado hajui. Yuko kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa na anarudi leo. Tumetuma wazee na wamama wamlaki barabarani na kumleta nyumbani taratibu. Ataambiwa akishakaa. Mwombeeni."

Mwaka uliotangulia Dani alianguka akalazwa hospitali kwa sababu ng'ombe wake mmoja alikufa. Presha ilipanda hadi daktari mwenyewe akahitaji kukaa. Alituonya kwamba bibi huyu asipewe tena habari mbaya ya ghafla. Ya pili haitamwacha. Na yule alikuwa ng'ombe. Tena mwenye tabia mbaya.

Baba alitoa simu mfukoni, akaitazama, akaitikisa. Mnara ulikuwa umelala. Akainyoosha juu, akatoka nje nayo, akapanda juu ya gari la Ekuru, akashuka. Alipoingia tena uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mama," akaniambia. Hakuwa amefurahi. "Mama, andika. Upesi."

Niliandika kama alivyonisomea: "Mimi Benard Opondo ni mzima, niko Kakuma. Mtu yeyote asimwambie mama yangu lolote."

Jibu la kwanza lilikuja kabla sijavuta pumzi. Lilitoka kwa shangazi.

"Awuor, mwanangu. Acha. Hata leo?"

La pili: "Huyu mtoto hana haya, anaandika kwa jina la maiti."

La tatu lilitoka kwa binamu yangu, na lilisema kwa ufupi: "Mbuzi tulimchinja tukanyamaza. Hili hapana."

Sijawahi kushtuka hivyo. Nilikuwa nasema ukweli, ukweli mtupu usiotiwa hata chumvi, na hakuna aliyeununua. Niliandika naapa. Wakaandika ndivyo ulivyoapa safari ile. Baba alinitazama, si kwa hasira, na afadhali ingekuwa hasira.

"Picha," Nyandeng akasema. "Piga yeye picha. Ashike gazeti, kama watu ya kutekwa."

Hilo lilikuwa wazo la mtu mwenye akili. Kila duka la Kakuma lina gazeti, likiwa halijafungiwa sukari. Tukapata moja, Baba akalishika kifuani, akakaza macho, nikapiga kwa simu ya Nyandeng, tukaipandisha. Picha ikachukua muda wa kuzaa ngamia. Ilipopanda, bwana mmoja wa Nairobi akaandika:

"Hiyo ni gazeti ya Jumanne. Jumanne alikuwa hai, hata sisi tunajua."

Ilikuwa Ijumaa. Magazeti ya Kakuma hufika yakiwa yamechoka. Nilimtazama Baba, naye akaligeuza gazeti lile kutafuta tarehe nyingine, kana kwamba huenda ndani walikuwa wameweka ya akiba.

"Uso mwenyewe hawaoni?" akafoka. "Huu uso si ushahidi?"

"Baba, kwenye picha hii unafanana na ile nyingine."

Ilikuwa kweli. Kwa woga alikuwa amekaza shingo na kutazama mbali kidogo.

Hapo ndipo Omollo alipotokea. Hakuwa ameandika kitu tangu asubuhi. Sasa aliweka picha. Ilionyesha boma letu, vijana wamevua mashati, mashimo yamechimbwa, na nguzo nne zimekwisha kusimama. Chini yake alikuwa ameandika: "Kaka hakujaliwa kujenga akiwa hai. Hatazikwa kama mtu asiye na kwao. Tunamjengea nyumba leo kabla mwili haujafika. Kaka, ulikuwa mnyenyekevu, hukupenda ubishi."

Kwetu ndivyo inavyofanywa. Mwanamume asiye na nyumba hujengewa hata kama ni ya udongo na ya siku moja, ili awe na mahali pa kutokea kwenda kaburini. Nilipoziona zile nguzo nikasikia baridi, na Kakuma hakuna baridi. Dani angefika langoni, azione kabla hata ya kupewa kiti. Asingehitaji kuambiwa.

Baba aliikaribia picha mpaka pua ikagusa kioo. Nilidhani analia.

"Wapi hapo?" akauliza. "Hapo wanapochimba ni wapi?"

"Nyumbani, Baba."

"Najua ni nyumbani! Sogea."

Akanisukuma nitoke kwenye kiti. Baba yangu, mtu wa kidole kimoja, alianza kuandika kwa vidole vinne.

"Kwa: Omollo. Kuhusu: nguzo. Hapo ni kwenye udongo mwekundu karibu na kijito. Nilikwambia hapo sijengi. Mvua ikinyesha maji huingia mpaka kitandani. Nilisema juu, kwenye mawe, mlango ukiangalia njia ya sokoni. Ng'oeni nguzo hizo mara moja."

Akabonyeza. Duka zima likasogea karibu na kioo. Hata jenereta nadhani ilipunguza sauti. Vijana waliokimbia walikuwa wamerudi, wanachungulia dirishani.

Omollo akajibu: "Nani anaandika?"

"Mwenye nyumba."

"Siku ile nilikuita nani?"

Baba akageuka kunitazama, akafunika kioo kwa kiganja, kisha akakumbuka kwamba dunia nzima ingesoma vilevile. Akaandika: "Uliniita mwewe, kwamba nataka kukaa juu niwatazame wenzangu. Nami nikakuita chura."

Kumbe! Miaka yote ile ya kimya, wazee wawili wenye mvi, ndege na chura.

Kisha yakaja maneno ya Omollo, bila nukta wala mkato: "ni yeye jamani ni yeye hakuna mtu mwingine duniani mwenye ubishi huu kaka uko hai"

Nyandeng akapiga kigelegele kilichoamsha watoto mtaa wa pili. Ekuru akavua kofia yake, akaivaa tena. Mimi nilikuwa tayari kumkumbatia mtu yeyote. Lakini Omollo alikuwa bado anaandika.

"Lakini juu hakuna maji," akaandika.

"Maji hubebwa," Baba akajibu.

"Na nani? Wewe? Uko Lodwar."

"Wewe ulitaka nijenge chini ili wewe uchukue juu."

"Mungu anakuona!"

"BABA!" nilipiga kelele. "DANI!"

Wote wawili walikuwa wamemsahau. Kule mtandaoni, mbele ya jamaa, majirani, wachungaji na idara nzima ya mifugo, ndugu hao walikuwa wamerudi shambani kuendelea walipoachia. Baba alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Kimbia," akaandika. "Omollo, kimbia. Mama."

Hakukuwa na jibu. Akaandika tena jina la mdogo wake, peke yake. Hakukuwa na jibu.

Nawaambia, kungoja kioo kiseme ni kazi mbaya. Watu wengine walikuwa wanaandika sasa, haleluya, asifiwe, shangazi akiniomba radhi nusu nusu, na kila neno jipya lilipotokea tuliruka, na halikuwa yeye. Ekuru alikuja mlangoni akasema barafu ya chanjo inayeyuka. Baba hakumsikia. Alikuwa ameuzima ule mshumaa kwa vidole na bado ameshika utambi. Nyandeng alitengeneza chai nyingine, akaiweka mbele yake, naye akaitazama kana kwamba hajui mdomo wake uko wapi.

Kisha picha ikaanza kushuka, mstari kwa mstari kutoka juu, kama kawaida ya setilaiti ya Kakuma. Kwanza mbingu. Kisha vichwa vya nguzo. Kisha kitambaa cha kichwani cheupe cha akina mama wa kanisa. Baba alinishika mkono mpaka vidole vyangu vikalia. Ikashuka mpaka kwenye paji la uso, macho, kisha meno. Meno yote aliyobakiza Dani yalikuwa nje. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya zile nguzo nne, amenyoosha miguu, anacheka.

"Sikumwahi barabarani," Omollo aliandika. "Nimemkuta langoni ameshaziona. Ameuliza hizi ni za nini. Kila mtu akatazama chini. Ulimi wangu ukasema wenyewe: mwanao Opondo amekubali kuja kujenga. Amepiga vigelegele mpaka wale wamama waliotumwa kumliza wakavipiga pia. Ameita kanisa zima lije lione. Sasa kaka, shauri yako."

Baba alisoma hayo mara mbili. Mara ya kwanza alifuta macho kwa tai. Mara ya pili akafika kwenye "amekubali kuja kujenga", na nikaona mshtuko mpya ukimpanda taratibu kutoka shingoni, mkubwa kuliko ule wa kufa.

"Nimekubali lini?" akauliza.

"Leo, Baba. Umeandika mwenyewe. Mbele ya watu. 'Mwenye nyumba'."

Akatafuta miwani ambayo ilikuwa usoni. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, maombi ya urafiki hukubaliwa wapi. Nikamwonyesha. Akalitafuta lile la Omollo, akalibonyeza kwa uangalifu, kama mtu anayetia muhuri.

Nilidhani sasa tungeondoka. Ekuru alipiga honi. Baba akainua kidole kimoja kumwambia asubiri, na kwa vidole vingine akawa anaandika: nguzo zihamishiwe kwenye mawe, mlango uelekee sokoni, dirisha la chumba cha Dani liwe kubwa, picha za maendeleo ziletwe kila jioni. Alimwuliza Nyandeng hufunga duka saa ngapi. Aliniuliza kama kitu hiki kinaingia kwenye simu. Mtu aliyekiita baraza lisilo na mwenyekiti alikuwa amejipatia kiti.

Kabla hatujatoka Omollo akaleta ujumbe wa mwisho.

"Nimemwonyesha Mama ukurasa wako, yale maoni nikayaruka. Amefurahi. Anasema tu ubadilishe ile picha. Anauliza mbona umekaa kama marehemu."

Baba akanigeukia polepole, akavua miwani, akavuta pumzi, na akaanza kuyataja majina yangu yote, moja baada ya jingine. Namba ya shule ilinikuta nimeshafika kwenye gari.